Gemu za kasha zenye kikomo: uagize mapema, ununue kwa mlanguzi, au usubiri?

Gemu ambayo kwa muda mrefu imekuwa ya kupakua tu sasa imetangazwa kutolewa kwenye kasha, yaani kama nakala ya kushika mkononi. Maagizo yanafungwa mwisho wa mwezi, na mchapishaji anasema hatachapa tena. Unaangalia bei, unaangalia mshahara, unaangalia kalenda. Au umechelewa: maagizo yalifungwa zamani, na nakala zilizobaki ziko mikononi mwa watu wanaozitaka mara tatu ya bei ya mwanzo. Huku rafiki mwenye rafu iliyojaa anakwambia tulia, hiyo itarudi.

Kila moja ya njia hizi ina watu inaowafaa. Wakusanyaji wengi huumia kwa kufuata njia ya mtu mwingine: anayetaka kucheza anabeba gharama za anayewekeza, na anayetaka kuhifadhi anangoja kana kwamba anatafuta punguzo. Hapa nitalinganisha njia nne, nazo ni kuagiza mapema kwa mchapishaji, kununua kwa mtu baada ya nakala kuisha, kusubiri toleo lingine, na kununua nakala ambayo haijafunguliwa na iliyopewa daraja, yaani alama ya hali yake. Lakini kwanza tujue uhaba wenyewe unatoka wapi, kwa sababu huo ndio unaosababisha haraka yote hii.

Uhaba wa aina tatu

Upo uhaba wa historia. Katika mashindano ya Nintendo World Championships ya mwaka 1990 zilitolewa katriji (vibweta vya plastiki vyenye gemu ndani) 90 za kijivu kwa waliofika fainali, na 26 za dhahabu kupitia shindano la jarida. Hakuna namna ya kuziongeza. Anayeitaka moja anagombea na dunia nzima, na bei inapangwa na dunia hiyo.

Upo uhaba wa kiwanda. Mwaka 2018 Sony iliwaarifu wachapishaji kwamba uzalishaji wa kadi za gemu za PS Vita, mashine yake ya mkononi, kwa Marekani na Ulaya ungekoma mwisho wa mwaka wake wa fedha, yaani Machi 2019. Gemu za Vita zilizotoka mwishomwishoni zilikuwa chache kwa sababu mlango ulikuwa unafungwa. PS5, mashine yake ya nyumbani, nayo ilipotoka Novemba 2020, vifaa vya kielektroniki vilikuwa haba duniani na watu walikuwa wamefungiwa majumbani. Walanguzi waliukuta uhaba huo tayari, wakauzidisha kwa programu zinazonunua kwa sekunde kabla ya binadamu kumaliza kuandika anwani yake.

Na upo uhaba wa kupangwa. Mfano wake ulio wazi kuliko yote ni Super Mario 3D All-Stars ya Nintendo. Ilitoka Septemba 2020, na tangu siku ya kutangazwa ilishapewa tarehe ya kuondolewa: 31 Machi 2021. Toleo la kupakua nalo liliwekewa tarehe hiyohiyo, ilhali faili la kupakua haliwezi kuisha ghalani wala halihitaji kiwanda. Zaidi ya nakala milioni 8 ziliuzwa ndani ya muda huo. Gemu iliyouzwa kwa mamilioni haiwezi kuitwa adimu. Kilichopunguzwa pale ni muda wa mnunuzi wa kufikiri, na ndiyo maana hata baada ya tarehe ile kupita, makasha yaliendelea kuonekana madukani kwa sababu maduka yalikuwa yamejaza akiba.

Katikati ya kiwanda na mpango wapo wachapishaji wadogo. Limited Run Games ya Marekani ilianza mwaka 2015 kwa kuchapa nakala 1,500 za Breach & Clear kwa ajili ya Vita. Sioni hila katika idadi ile. Kampuni ndogo hulipia uchapaji kabla ya kuuza, kampuni zinazotengeneza konsoli (mashine za gemu) huweka idadi ya chini ya kuagiza, na mzigo usiouzika unaweza kuifunga kampuni. Lakini uamuzi wa kusema "hatutachapa tena kamwe" hautoki kiwandani. Huo ni uamuzi wa biashara, na mnunuzi ana haki ya kuupima hivyo.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza ni gharama hadi mkononi. Bei ya kwenye tovuti ni nusu tu ya habari kwa aliyeko Mombasa au Mwanza. Kuna usafiri wa kimataifa, ushuru wa forodha unapohusika, na VAT ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara. Gemu ya dola 40 inaweza kukaribia dola 70 bila mtu yeyote kukuibia.

Cha pili ni muda na uhakika: itafika lini, na je, itafika.

Cha tatu ni kilichomo ndani ya kasha, na hapa inabidi tukae kidogo. Zamani swali hili halikuwepo. Ukiwa na katriji una gemu. Sasa sivyo. Nintendo Switch 2 ilipotoka Juni 2025 ilikuja na aina ya kadi ambayo ni ufunguo tu: unaichomeka, mashine inakuruhusu kupakua gemu kwa intaneti, na data yenyewe haimo ndani. Unaweza kuiuza au kumwazima ndugu, hilo ni zuri, lakini siku seva za kupakulia zikizimwa, aliye na mashine mpya atabaki na plastiki. Kasha huwa na tangazo la jambo hili sehemu ya mbele chini, kwa hiyo lisome. Hata diski kamili haitoshi ikiwa gemu inategemea seva. Ubisoft ilipozima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, waliokuwa na diski halali mkononi hawakuweza kuicheza tena, hata peke yao.

Cha nne ni njia ya kutokea. Maisha yana ada za shule na kodi ya nyumba. Ukihitaji pesa, utaiuza kwa nani na utapata kiasi gani?

Cha tano ni pesa yako inamfikia nani. Wengi hukiruka kigezo hiki. Mimi nakiweka makusudi, kwa sababu waliotengeneza gemu hawapati hata senti nakala inapobadilisha mikono kwa mara ya pili, na kama tunazipenda gemu hizi ni haki tujue tunamlisha nani.

Njia ya kwanza: kuagiza mapema kwa mchapishaji

Gharama ni ya haki kuliko njia nyingine zote kwa gemu ambazo hazina toleo la dukani. Nakala ya kawaida huuzwa kwa dola 35 hadi 40 hivi. Yenye kasha kubwa, muziki na kitabu cha picha hupanda maradufu au zaidi. Kwa sisi tulio mbali, usafiri ndio unaobadilisha hesabu. Ukiwa na ndugu Minnesota au London ambaye anakuja likizo, mzigo mdogo kwenye begi lake hupunguza sehemu kubwa ya gharama. Mpe kitu kidogo cha kubeba, usimpe makasha kumi ya toleo kubwa.

Muda ndio udhaifu mkubwa. Pesa unatoa leo, gemu inaweza kuchukua miezi mingi, na kwa baadhi ya wachapishaji kungoja zaidi ya mwaka ni jambo la kawaida. Katika muda huo wewe ndiye unayewapa mtaji. Kama kampuni ikiyumba, au ukihama anwani, au kadi ya benki ikibadilika, mzigo wa kufuatilia ni wako. Soma kwa makini masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipa.

Taratibu zao nazo hazifanani, na tofauti hii ni muhimu kuliko jina la kampuni. Baadhi, kama Super Rare Games ya Uingereza na Strictly Limited Games ya Ujerumani, wamejenga jina kwa idadi iliyowekwa kabla: zikiisha, zimeisha. Limited Run Games, ambayo mwaka 2022 ilinunuliwa na Embracer Group ya Sweden, ilianza hivyo lakini kwa sehemu kubwa ikahamia kwenye dirisha la wiki kadhaa ambapo kila anayeagiza anapata. Wapo pia kama Fangamer wa Tucson, Arizona, waliotoa makasha ya gemu kama Undertale bila kukukimbiza na saa. Idadi iliyofungwa humfaidi mwenye vidole vyepesi na mlanguzi. Dirisha lililo wazi humfaidi mwenye kazi, mwenye intaneti ya kusuasua, na anayeishi upande wa dunia ambako mauzo yanafunguliwa usiku wa manane. Kwa maoni yangu dirisha ni utaratibu wenye heshima zaidi, na nafurahi kwamba umeenea.

Kilichomo ndani mara nyingi ni gemu kamili, na hiyo ndiyo sababu hasa ya wachapishaji hawa kuwepo. Lakini usikubali kwa imani tu. Uliza ni toleo namba ngapi la gemu limechapwa, na kama nyongeza zilizotoka baadaye zimo. Na uliza diski imetengenezwaje: Limited Run ilipotoa gemu ya D kwa mashine ya zamani ya 3DO, wanunuzi waligundua kwamba walipewa diski za kuchomwa, za aina ambayo mtu anaweza kuichoma kwenye kompyuta yake, badala ya zilizochapwa kiwandani, na mwaka 2024 kampuni ilikiri. Kwa mtu anayenunua ili kitu kidumu miaka hamsini, hilo si jambo dogo.

Njia ya kutokea ni ya wastani. Gemu ya dirisha wazi huwa na nakala nyingi, hivyo mara nyingi bei hushuka pale mizigo inapowafikia watu wote kwa pamoja na wengi wakaamua kuuza. Ile ya idadi iliyofungwa hupanda, ila si zote. Gemu ambayo hakuna aliyeitaka ikiwa ya kupakua haigeuki lulu kwa sababu imechapwa nakala 3,000.

Pesa yako hapa inamfikia mtengenezaji, kwa mgao waliokubaliana. Inamfaa mtu anayeijua gemu tayari, anayeipenda, na ambaye pesa hizo zikikaa mwaka mzima kwa mtu mwingine hazitamkosesha usingizi.

Njia ya pili: kununua kwa mtu baada ya kuisha

Neno mlanguzi limebeba lawama nyingi, na nyingine zinastahili. Anayetumia programu kununua nakala ishirini sekunde ya kwanza, kisha kuzitangaza kwa bei mara mbili kabla hazijatoka kiwandani, hajaongeza chochote duniani zaidi ya foleni. Lakini si kila anayeuza ni huyo. Yupo mkusanyaji aliyeitunza nakala miaka kumi na sasa anaiachia. Yupo mwenye duka katikati ya Nairobi au Kariakoo anayebadilishana diski za PS4, unampa uliyomaliza na kuongeza kidogo, unachukua nyingine. Bila huyo vijana wengi wasingecheza gemu nusu ya walizocheza. Sheria ya Marekani nayo inamruhusu aliyenunua nakala halali kuiuza tena bila kuomba ruhusa ya mchapishaji. Soko la pili ni sehemu ya maisha ya kitu cha kushika mkononi. Likifa, tumebaki na kukodi.

Gharama hapa inategemea siku unayonunua. Bei huwa mbaya zaidi katika vipindi viwili: mara tu maagizo yanapofungwa, wakati watu wana hofu, na miaka mingi baadaye kama gemu imeendelea kupendwa. Katikati huwa kuna bonde, hasa wiki ambazo mizigo inawasili na wauzaji wanashindana wenyewe kwa wenyewe. Ukikosa dirisha, usinunue wiki hiyohiyo. Ngoja hadi nakala ziwe mikononi mwa watu.

Usitazame bei iliyoandikwa, tazama bei iliyolipwa. eBay ina kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, na tovuti ya PriceCharting hukusanya bei hizo kwa kila gemu, zikitenganisha katriji tupu, nakala yenye kasha na kitabu, na ile isiyofunguliwa. Mtu anaweza kuandika dola 300 na asipate mnunuzi mwaka mzima. Tangazo lake si bei ya soko. Jua pia kwamba eBay humkata muuzaji asilimia 13 hivi, kwa hiyo sehemu ya kile unachoona kama tamaa yake ni ada.

Muda ni faida: gemu ipo, inasafirishwa wiki hii. Uhakika ndio unaohitaji jicho. Katriji za Game Boy Advance (GBA), mashine ya zamani ya mkononi ya Nintendo, hasa za Pokémon, zimeghushiwa kwa wingi mno. Omba picha ya karibu ya upande wa nyuma na wa meno ya shaba. Katriji halisi ya GBA hufungwa kwa skrubu yenye ncha tatu, na juu kidogo ya meno huonekana jina la Nintendo limechapwa kwenye bodi. Herufi za lebo zinapokuwa na ukungu, au rangi ya plastiki inapokuwa siyo, acha. Na kwa Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald, betri ya ndani ya saa huenda imekufa. Hilo si ughushi, ni umri, na hubadilishwa na fundi.

Hata maduka makubwa hayajawa salama na mchezo huu. Xenoblade Chronicles ya mashine ya Wii iliuzwa Amerika Kaskazini mwaka 2012 kupitia GameStop na duka la mtandaoni la Nintendo pekee. Ikaadimika, bei ikapaa. Mwaka 2013 nakala nyingi zilijitokeza ghafla GameStop zikiuzwa kama mtumba kwa dola 90 hivi, juu ya bei yake ilipokuwa mpya. Wanunuzi walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu mwenye kushika ghala na mwenye kupanga bei ya mtumba walikuwa mtu mmoja.

Kilichomo ndani unaweza kukithibitisha, maana wengine wameshakifungua na kukijadili. Njia ya kutokea ni nzuri ukinunua kwa bei ya bondeni na mbaya ukinunua kwa bei ya hofu. Pesa haimfikii mtengenezaji. Njia hii inamfaa anayetaka gemu maalumu, ya zamani, isiyo na dalili ya kurudi, na aliye tayari kujifunza kutofautisha halisi na feki kabla ya kutoa pesa.

Njia ya tatu: kusubiri

Kusubiri kunaonekana kama kutofanya kitu, ilhali ni mkakati wenye rekodi. Ileile Xenoblade ikarudi kwenye New Nintendo 3DS mwaka 2015, kisha kwenye Switch mwaka 2020 ikiwa imeng'arishwa, ikapatikana dukani kama gemu nyingine yoyote. NES Classic, ile mashine ndogo ya Novemba 2016 iliyouzwa dola 60, ilisitishwa Aprili 2017 watu wakiwa bado wanaililia, walanguzi wakavuna. Juni 2018 ikarudi kwa bei ileile. Scott Pilgrim vs. the World: The Game iliondolewa madukani mwisho wa mwaka 2014, wengi wakaiaga, na Januari 2021 ikarudi, safari hii hadi kwenye kasha.

Kuna njia fupi ndani ya kusubiri ambayo wengi hawaijui. Gemu nyingi zinazouzwa kama toleo la kikomo Marekani huwa na toleo la kawaida Japani au sehemu nyingine ya Asia, lenye lugha ya Kiingereza ndani. Switch haina kizuizi cha kanda kwa katriji zake, na diski za gemu za PS4 na PS5 kwa kawaida huchezeka kwenye mashine ya nchi yoyote. Maduka kama Play-Asia huorodhesha lugha zilizomo kwenye kila toleo. Angalia huko kabla hujamlipa mtu mara mbili. Tahadhari ni mbili: nyongeza za kupakua huhitaji akaunti ya kanda inayolingana na toleo, na hapa kwetu, ambako wengi hufungua akaunti ya PlayStation kwa anwani ya nchi nyingine, jambo hili huwasumbua watu sana. Pili, 3DS na Wii U zina kizuizi cha kanda, kwa hiyo usiponzwe na kasha zuri la Kijapani.

Kusubiri kuna upande wa giza pia. Panzer Dragoon Saga ya mashine ya Sega Saturn ilitoka mwaka 1998 na haijatolewa upya. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Mwaka huohuo, Machi, Nintendo ilifunga ununuzi kwenye maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U, na gemu ambazo hazikuwahi kuwa na kasha zikakosa mlango. Anayesubiri kila kitu atakosa baadhi ya vitu, na hawezi kujua mapema ni vipi.

Nina kanuni ya kukisia ambayo hunisaidia. Gemu ya kampuni kubwa inayomiliki wahusika wake wote kwa kawaida hurudi. Gemu yenye leseni za watu wengine, kama magari, nyimbo, wachezaji wa mpira au wahusika wa filamu, hurudi kwa shida, kwa maana kila leseni ni mazungumzo mapya. Scott Pilgrim ilirudi, lakini ilichukua miaka sita na kelele nyingi za mashabiki. Gemu ya studio iliyokwisha kufungwa, ambayo haki zake hazijulikani ziko kwa nani, ihesabu kama haitarudi.

Gharama ya kusubiri huwa ndogo kuliko zote inapofaulu. Kilichomo ndani huweza kuwa bora, kwa kuwa makosa yamerekebishwa, au kuwa pungufu, kama toleo jipya litakuja kwa kadi ya ufunguo. Njia ya kutokea ni finyu, kwani toleo la kawaida halipandi bei. Lakini mtengenezaji anapata chake, na wewe ulibaki na pesa yako muda wote huo. Inamfaa anayenunua ili acheze, mwenye gemu nyingine nyumbani ambazo hajazimaliza.

Njia ya nne: iliyofungwa na kupewa daraja

Hapa kampuni kama Wata, iliyoanza kutoa madaraja mwaka 2018, huchunguza nakala ambayo haijafunguliwa, huipa alama kwa hali ya kasha na nailoni yake, kisha huifungia ndani ya plastiki ngumu. Kazi hiyo ina manufaa ya kweli: uhalisi umechunguzwa na mtu mwingine, na kasha la karatasi la mwaka 1987 limekingwa na unyevu, jambo ambalo mkazi yeyote wa pwani analielewa.

Tatizo ni bei, na jinsi bei ilivyofika ilipofika. Februari 2019 nakala ya Super Mario Bros. iliuzwa dola 100,150. Aprili 2021 nyingine ikafika 660,000 katika mnada wa Heritage Auctions. Julai mwaka huohuo Super Mario 64 iliyopewa daraja 9.8 ikauzwa dola milioni 1.56. Super Mario 64 ni miongoni mwa gemu zilizouzwa zaidi kwenye Nintendo 64, nakala karibu milioni 12 duniani. Uhaba uliolipiwa pale ni wa alama iliyoandikwa juu ya plastiki. Baadaye yalijitokeza maswali ya hadharani kuhusu uhusiano kati ya watoa daraja, wanadi na wawekezaji wa mwanzo, na mwaka 2022 Wata ikafunguliwa kesi Marekani na wanunuzi waliodai soko lilichezewa.

Kilichomo ndani hutakiona, kwani ukifungua umeharibu thamani. Njia ya kutokea inategemea kumpata tajiri mmoja siku moja, na mnada unachukua kamisheni yake. Mtengenezaji hapati kitu. Na kwa aliyeko Afrika Mashariki, kusafirisha na kukatia bima kitu kama hicho ni mradi mzima. Inamfaa mwenye pesa ya kupoteza, anayeijua historia ya soko hili kwa undani, au mtu mwenye kumbukumbu na gemu moja mahususi ambayo anataka kuiona ukutani bila kuigusa. Huyo wa mwisho nampa heshima yake yote. Namwomba tu asiite akiba ya uzeeni.

Kulingana na hali yako

Kama unataka kucheza, na gemu inapatikana kwa kupakua leo, basi icheze leo. Kasha lifuate baadaye kama mapenzi yatabaki. Gemu nyingi hupoteza mvuto wa kasha ukishazimaliza, na hapo utakuwa umeokoa pesa nyingi. Kwa gemu za kompyuta, duka la GOG huuza faili zisizo na kufuli, ambazo unazihifadhi mwenyewe kwenye diski yako.

Kama gemu ni ya studio ndogo, dirisha la maagizo liko wazi kwa wiki kadhaa, na hujaamua, weka kikumbusho siku tatu kabla ya kufungwa. Dirisha la wazi halihitaji uwahi, halina foleni. Ikiwa siku hiyo bado unaitaka, agiza moja. Nakala ya pili "ya kuuza baadaye" iache, maana mamia ya wengine wamewaza hivyo hivyo na wote mtakutana sokoni siku moja.

Kama ni idadi iliyofungwa na umeikosa, angalia toleo la Asia kwanza, kisha subiri mizigo iwafikie watu, kisha ununue kwa kutazama bei zilizolipwa. Weka kiwango chako cha juu kwa shilingi, pamoja na usafiri na kodi, kabla hujafungua ukurasa wa muuzaji.

Kama unahifadhi kwa ajili ya kizazi kijacho, kigezo cha tatu kiwe cha kwanza kwako. Tafuta gemu iliyokamilika ndani ya katriji au diski, isiyohitaji seva, hata kama kasha limepasuka pembe. Nakala iliyochakaa inayowaka ni bora kwako kuliko kadi ya ufunguo inayong'aa. Na ukae nazo mbali na joto na chumvi ya bahari.

Kama unanunulia mtoto au mdogo wako, usiingie kwenye soko hili kabisa. Nenda kwa mwenye duka la kubadilishana diski, chagua naye, na umwekee ahadi ya kuirudisha ikiwa safi.

Na kama unatafuta faida, hesabu kwanza ada ya soko, usafiri wa kuja na wa kwenda, kodi, na muda ambao pesa itakaa rafuni. Kisha tafuta gemu tano za mchapishaji huyohuyo zilizotoka miaka mitatu iliyopita, uangalie ziliuzwa kwa bei gani mwezi uliopita. Kama zaidi ya nusu ya gemu hizo ziliuzwa chini ya bei ya mwanzo, gemu ya sita haina sababu ya kukutendea tofauti.